Kaya za Handeni na Korogwe zinavyokabili upungufu wa chakula: hatua, gharama zake na huduma zilizopo

Upungufu wa chakula katika kaya hauanzi siku ghala linapokuwa tupu. Huanza wiki au miezi kadhaa kabla, pale familia inapobadili mlo, inapokopa dukani, inapouza mbuzi wake au inapopeleka nguvu kazi yake katika shamba la mtu mwingine. Katika Wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga, kama ilivyo katika maeneo mengi ya nchi zinazoendelea yanayotegemea kilimo cha mvua, hatua hizo hufuatana kwa mpangilio unaofahamika, na kila moja ina gharama yake. Baadhi huisha pamoja na msimu. Nyingine hupunguza mavuno ya msimu unaofuata, na hivyo kuifanya njaa ya mwaka huu kuwa chanzo cha njaa ya mwakani.

Makala haya yanaeleza hatua hizo, namna wataalamu wanavyozipima, huduma za Serikali zinazoweza kuifikia kaya, na wakati unaofaa kuzitafuta.

Mazingira na kalenda ya kilimo

Barabara ya takribani kilomita 65 huunganisha mji wa Korogwe na mji wa Handeni, lakini hali ya hewa ya maeneo hayo mawili hutofautiana. Korogwe hupitiwa na Mto Pangani na reli ya Tanga. Sehemu yake ya milimani, zikiwamo kata za Bungu, Dindira na Vugiri, iko katika Milima ya Usambara na hupata mvua inayostawisha ndizi, maharage na chai. Sehemu yake ya tambarare ina mashamba ya mkonge, mahindi, na mpunga wa umwagiliaji katika skimu kama ile ya Mombo. Handeni, iliyoko kusini-magharibi, ni nchi ya vilima na nyika. Wakazi wake hulima mahindi, mihogo, mbaazi, kunde, ufuta na machungwa, na hufuga ng'ombe, mbuzi na kuku.

Wilaya zote mbili hupata misimu miwili ya mvua. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na mavuno yake huanza Julai. Mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na mavuno yake hupatikana Januari na Februari. Kwa sababu hiyo, kaya hukabiliwa na vipindi viwili vigumu. Cha kwanza ni kati ya Novemba na Januari, wakati akiba ya masika imepungua na mahindi ya vuli bado machanga. Cha pili ni kati ya Aprili na Juni, hasa vuli inapokuwa haikufanya vizuri. Mvua za vuli zikishindwa, vipindi hivyo huungana na familia hulazimika kuvuka miezi mingi kwa mavuno ya msimu mmoja.

Ukame si tishio pekee. Oktoba 2019 mvua kubwa ziliharibu miundombinu na kukata mawasiliano ya barabara kati ya Korogwe na Handeni. Tukio la namna hiyo hufanya chakula kilichopo upande mmoja kushindwa kufika upande wa pili, na bei kupanda hata pale ambapo mashamba hayajapata hasara. Ndiyo maana Mkutano wa Dunia wa Chakula uliofanyika Roma mwaka 1996 ulitazama usalama wa chakula kwa upana: kuwapo kwa chakula, uwezo wa kukipata, matumizi yake mwilini, na uthabiti wa hali hiyo wakati wote. Kaya inaweza kuishi jirani na soko lililojaa mahindi na bado ikalala bila kula.

Funzo la historia

Kumbukumbu ya njaa katika eneo hili ni ya muda mrefu. Katika miaka ya 1830 ukame mkali uliikumba nchi ya Wazigua, ambayo leo sehemu yake kubwa ni Handeni. Familia nyingi zilikimbilia pwani kutafuta chakula, na watu wengi wakaishia kuuzwa utumwani na kupelekwa Somalia. Baadhi yao walitoroka na kuanzisha vijiji katika bonde la Mto Juba, ambako vizazi vyao viliendelea kuzungumza Kizigua. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991, baadhi ya wazao hao walikimbilia Tanzania, wakahifadhiwa Handeni na baadaye kuhamishiwa makazi ya Chogo wilayani humo. Serikali iliwafungulia njia ya kupata uraia. Njaa iliyowaondoa mababu zao ilikuwa imechukua zaidi ya miaka 150 kurekebishwa.

Mwishoni mwa karne ya 19 nzige, ugonjwa wa sotoka ulioangamiza ng'ombe, na ukame wa 1898 hadi 1900 vilileta njaa nyingine kubwa kaskazini-mashariki mwa nchi. Wakati wa utawala wa kikoloni, sheria ndogo ziliwalazimu wakulima katika wilaya nyingi za Tanganyika kupanda mihogo kama zao la akiba. Baada ya Uhuru, ukame wa 1973 hadi 1975 uliifanya Serikali kuagiza nafaka nyingi kutoka nje na kuendesha kampeni za Kilimo cha Kufa na Kupona na Chakula ni Uhai. Uzoefu huo ndio uliozaa Hifadhi ya Taifa ya Nafaka mwaka 1976. Sheria ya Usalama wa Chakula Na. 10 ilitungwa mwaka 1991, na mwaka 2008 jukumu la hifadhi likakabidhiwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA).

Hatua ya kwanza: kubadili mlo

Kaya inapoona akiba inapungua, hugusa kwanza chungu cha jikoni. Ugali wa mahindi huchanganywa na unga wa muhogo au nafasi yake kuchukuliwa na muhogo wa kuchemsha. Nyama, dagaa na mafuta hupungua, na mboga za majani huchukua nafasi kubwa: kisamvu, matembele, majani ya kunde, mnavu, mlenda na mchunga. Mboga hizi zina vitamini na madini mengi, na matumizi yake peke yake hayana madhara. Tatizo hujitokeza pale zinapoliwa bila maharage, kunde, dagaa au mafuta kwa wiki nyingi mfululizo.

Baada ya kubadili aina ya chakula, familia hupunguza kiasi. Milo mitatu huwa miwili, kisha mmoja, na mara nyingi uji wa asubuhi ndio hutangulia kuondolewa. Watu wazima, hasa akina mama, hujinyima ili watoto wapate. Hapa ndipo madhara ya kiafya huanza kuonekana. Mama mjamzito au anayenyonyesha anayekula mwisho na kidogo huhatarisha afya yake na ya mtoto. Matokeo ya Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto nchini yanaonesha kuwa udumavu kwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano ulipungua kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi asilimia 30 mwaka 2022. Hata hivyo, kiwango hicho bado kinamaanisha kuwa karibu mtoto mmoja kati ya watatu nchini amedumaa.

Hatua ya pili: ndugu, mkopo na kibarua

Kukopeshana debe la mahindi, kumpeleka mtoto kwa bibi au shangazi kwa muda, na kupokea fedha kutoka kwa ndugu walioko Tanga mjini au Dar es Salaam ni kinga ya asili ya jamii. Kinga hiyo hufanya kazi vizuri pale kaya moja inapopata msiba au ugonjwa wakati jirani ana chakula. Hudhoofika ukame unapovikumba vijiji vyote kwa pamoja, kwa kuwa anayeombwa naye anahitaji. Kaya zenye ndugu milimani au mijini huwa na nafuu kuliko zile ambazo ndugu zao wote hulima nyika ile ile.

Mikopo hutofautiana sana. Vikundi vya kuweka na kukopa kama VICOBA hutoza riba inayorudi kwa wanachama wenyewe. Mikopo ya mtaani inayojulikana kama kausha damu hudai marejesho ya kila siku au kila wiki na huweza kumaliza mavuno kabla hayajaingia ndani. Aina nyingine ya mkopo ni kuuza mazao yakiwa bado shambani. Mwenye miti ya michungwa au shamba la mahindi hupokea fedha mapema kutoka kwa mfanyabiashara, na mavuno yakifika si yake tena. Bei ya mauzo ya namna hiyo huwa ndogo kwa sababu muuzaji ana haraka na mnunuzi anabeba hatari ya mvua.

Kibarua ndiyo njia inayotegemewa zaidi na kaya zisizo na mifugo. Katika tambarare za Korogwe, kazi za kukata na kupalilia mkonge huleta fedha kwa haraka. Kwingineko watu hulima na kupalilia mashamba ya wenye uwezo kwa malipo ya fedha au chakula. Wengine hufanya biashara ndogo, uchimbaji mdogo wa dhahabu au uchomaji wa mkaa. Uchomaji wa mkaa bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) ni kosa, na huondoa miti inayohifadhi udongo na vyanzo vya maji ambavyo kilimo hicho hicho kinavitegemea.

Kibarua kina gharama isiyoonekana kwa haraka. Mahindi huhitaji palizi ya kwanza ndani ya wiki mbili hadi tatu tangu kuota, na wakati huo ndipo wenye mashamba makubwa nao hutafuta vibarua. Mzazi anayepalilia shamba la mwingine mwezi Novemba ili watoto wale jioni huliacha shamba lake likizidiwa na magugu. Januari ikifika, mavuno yake huwa haba, na mwaka unaofuata hulazimika kutafuta kibarua mapema zaidi. Huo ndio mzunguko unaozifanya kaya fulani kurudi katika orodha ya wahitaji mwaka hadi mwaka hata mvua zinapokuwa za wastani.

Hatua ya tatu: kuuza kinachozalisha

Mtafiti Jane Corbett, katika uchambuzi wake wa mwaka 1988 kuhusu njaa katika nchi za Afrika na Asia, alibaini kuwa kaya hupita ngazi tatu: kutumia kinga za kawaida, kuuza mali za uzalishaji, na mwisho ufukara unaolazimu kuhama. Kaya hujitahidi kuchelewesha ngazi ya pili. Wakati wa njaa ya Darfur nchini Sudan ya 1984 na 1985, ilibainika kuwa watu walivumilia njaa kwa makusudi ili wasipoteze mbegu na mifugo yao. Tabia hiyo ipo pia Handeni na Korogwe: kuku huuzwa kabla ya mbuzi, mbuzi kabla ya ng'ombe, na shamba huwa la mwisho.

Hesabu ya mbegu inaonesha kwa nini hatua hii ni nzito. Chukua mfano wa kaya ya watu sita inayotumia kilo 3 za nafaka kwa siku. Ekari moja ya mahindi huhitaji mbegu kati ya kilo 8 na 10. Kaya hiyo ikila mbegu iliyoitunza kwa ajili ya ekari moja, itakuwa imepata chakula cha siku tatu tu, na itakuwa imepoteza ekari nzima ya msimu unaokuja isipopata mbegu nyingine. Ikumbukwe pia kuwa mbegu za dukani hupakwa dawa na hazipaswi kuliwa hata zikioshwa.

Dalili nyingine za kaya iliyofika ngazi hii ni kuuza jembe, baiskeli au bati, kukodisha shamba kwa bei ya kutupa, kumtoa mtoto shule, na kumpeleka msichana mdogo kufanya kazi za ndani mjini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na mwenye umri huo anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyoathiri masomo yake. Taarifa za mtoto anayetumikishwa au kunyanyaswa hutolewa kwa ofisi ya ustawi wa jamii au kwa simu namba 116 bila malipo.

Chakula cha wakati wa shida na usalama wake

Muhogo umekuwa nguzo ya kaya nyingi kwa sababu huvumilia ukame na unaweza kubaki ardhini hadi unapohitajika. Muhogo mchungu, hata hivyo, una kemikali inayogeuka kuwa sumu ya sayanidi. Maandalizi salama ni kumenya, kuloweka kwa siku kadhaa, kukausha vizuri juani na ndipo kusaga. Wakati wa njaa familia hushawishika kufupisha siku hizo. Mwaka 1985 ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na kwa kudumu, ulilipuka wilayani Tarime wakati wa ukame, na ulihusishwa na muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo. Tahadhari hiyo inahusu pia viazi vya porini kama ndiga, ambavyo vina sumu na havipaswi kuliwa na mtu asiyejua namna ya kuviandaa.

Muhogo wenyewe hushambuliwa na magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Ugonjwa wa michirizi ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 katika kituo cha utafiti cha Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki. Leo zipo aina zinazostahimili kama Kiroba, Chereko, Kipusa na Mkuranga 1. Pingili za kupanda zinapaswa kutoka katika mashamba yaliyokaguliwa, kwa kuwa pingili zenye ugonjwa huhamisha tatizo kutoka kijiji hadi kijiji.

Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo ilisababisha watu 68 kuugua na 20 kati yao kufariki dunia katika Mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuvuna kwa wakati, kukausha juu ya turubai badala ya ardhini, na kutenga punje zilizobadilika rangi hupunguza hatari hiyo. Kaya yenye njaa ndiyo iliyo katika hatari zaidi, kwa kuwa mahindi yaliyooza ambayo wakati wa neema yangetupwa, wakati wa shida huliwa.

Namna hali inavyopimwa

Tathmini za kitaifa hufanywa kupitia Mfumo wa Uchambuzi wa Uhakika wa Chakula na Lishe (MUCHALI), unaowakutanisha wataalamu wa kilimo, afya, lishe, maafa na takwimu. Miongoni mwa vipimo vinavyotumika kimataifa ni kile kinachohesabu mbinu za kaya za kukabili upungufu. Kaya huulizwa ni siku ngapi kati ya siku saba zilizopita ililazimika kufanya mambo matano, na kila jambo hupewa uzito wake:

Kula chakula cha bei nafuu au kisichopendwa, uzito 1.
Kuazima chakula au kutegemea ndugu na marafiki, uzito 2.
Kupunguza kiasi cha chakula katika mlo, uzito 1.
Watu wazima kujinyima ili watoto wale, uzito 3.
Kupunguza idadi ya milo kwa siku, uzito 1.

Kwa mfano, kaya iliyokula chakula kisichopendwa siku 5, ikaazima siku 2, ikapunguza kiasi siku 4, watu wazima wakajinyima siku 3, na ikapunguza milo siku 4, hupata alama 26. Katika uainishaji wa kimataifa wenye hatua tano, alama 0 hadi 3 huashiria hali ya kawaida, 4 hadi 18 hali ya msongo, na 19 au zaidi hali ya hatari inayohitaji hatua za haraka. Alama hizi husomwa pamoja na taarifa za mavuno, bei, afya na lishe. Ndiyo maana majibu ya kweli ni muhimu. Kaya inayoficha shida kwa kuona aibu, au inayoikuza kwa kutarajia msaada, hupotosha picha ya kijiji kizima.

Kwa watoto wa umri wa miezi 6 hadi 59, mhudumu wa afya hutumia utepe wa kupima mzunguko wa mkono. Kipimo chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na mtoto anapaswa kufikishwa kituo cha kutolea huduma za afya bila kuchelewa. Upimaji huo hufanyika pia katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji.

Huduma zinazoweza kuifikia kaya

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaotekelezwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) hutoa ruzuku ya fedha kwa kaya zilizotambuliwa kupitia mikutano ya jamii na kuhakikiwa. Sehemu ya ruzuku hufungamana na mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki. Mpango huo pia hutoa ajira za muda katika miradi ya jamii kama mabwawa, barabara za vijijini na upandaji miti, ambazo hupangwa kufanyika katika miezi ya hari ili zisigongane na kazi za shamba la kaya. Upangaji huo ni jambo la msingi, kwa kuwa unampa mzazi kipato bila kumwondoa katika palizi yake.

NFRA hununua nafaka kwa wakulima wakati wa mavuno na kuitoa wakati wa upungufu. Mradi wa vihenge na maghala ya kisasa ulilenga kuongeza uwezo wa hifadhi kutoka tani 251,000 hadi tani 501,000. Bei za vyakula zilipopanda katika msimu wa 2022/23, Serikali ilipeleka mahindi ya Wakala katika halmashauri zenye upungufu na kuyauza kwa bei nafuu.

Ruzuku ya mbolea ilizinduliwa Agosti 8, 2022 jijini Mbeya, na mkulima huipata baada ya kusajiliwa kijijini kwake. Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Wilaya zote mbili pia zimo katika Mradi wa Maji wa Miji 28, unaohusisha pia Muheza na Pangani. Huduma ya maji karibu na nyumbani humrudishia mama saa ambazo angezitumia kutembea na ndoo, na saa hizo ni nguvu kazi ya shamba.

Panapotokea upungufu mkubwa, Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati katika ngazi za mkoa, wilaya, kata na kijiji. Taarifa huanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji na afisa mtendaji wa kijiji, hupitia kata na wilaya hadi mkoani, na hatimaye Ofisi ya Waziri Mkuu. Njia hiyo huchukua muda. Kijiji kinachosubiri hadi kaya zianze kuuza majembe ndipo kiandike taarifa huwa kimechelewa kwa msimu mmoja. Dalili za kutolewa taarifa ni zile za mwanzo: milo kupungua katika kaya nyingi, mbuzi kuuzwa kwa wingi mnadani huku bei yao ikishuka, watoto kukosa shule, na watu kuhama kutafuta vibarua nje ya msimu uliozoeleka.

Maandalizi wakati wa mavuno

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mahindi huoza na kuliwa na wadudu yasipotunzwa. Tangu dumuzi, aliyepewa na wakulima jina la Scania, alipoingia nchini na kuenea katika miaka ya 1980, kihenge cha kawaida kisicho na kinga kimekuwa hakitoshi. Mifuko maalumu ya tabaka tatu isiyopitisha hewa huua wadudu bila dawa, mradi mahindi yawe yamekauka vizuri na mfuko usiwe na tundu.

Kaya inashauriwa kufanya hesabu yake mara tu baada ya kupukuchua. Kaya ya watu sita inayotumia kilo 3 kwa siku huhitaji takribani kilo 1,095 kwa mwaka, sawa na magunia 11 ya kilo 100. Kinachozidi hapo, pamoja na mbegu kuwekwa kando, ndicho cha kuuzwa. Bei ikipanda mara mbili kati ya Agosti na Januari, fedha ya gunia lililouzwa mapema hununua nusu gunia tu. Uuzaji kwa mizani, badala ya lumbesa, huhakikisha kuwa kilichopimwa ndicho kinacholipwa.

Kugawanya hatari shambani ni kinga nyingine. Mihogo, mtama, mbaazi na kunde huweza kutoa mavuno pale mahindi yanaposhindwa, na mahindi ya aina kama Staha na TMV-1 humwezesha mkulima kutunza mbegu yake mwenyewe. Taarifa za mwelekeo wa msimu zinazotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya vuli na masika husaidia kuamua ni zao lipi lipewe eneo kubwa, na afisa ugani wa kata ndiye wa kuulizwa namna ya kuzitumia katika udongo wa kijiji husika.

Kaya ambayo imeanza kupunguza milo inapaswa kufika mapema katika ofisi ya kijiji, ikiwa bado ina mbegu, jembe na nguvu ya kupalilia shamba lake. Msaada unaofika wakati huo huilinda familia leo na huyalinda pia mavuno yanayokuja.